Kiti Kilichoangalia Ukuta

Jumapili, 9 Februari

Nimeamka na viatu miguuni. Sijui nani alinileta. Nyumba kimya. Mke wangu Emily hayupo, watoto, Cindy na mdogo wake, hawapo, chai ya jana asubuhi bado iko mezani na utando juu.

Jana ilikuwa kumbukumbu ya baba mkwe, kwao Lubao. Hema zangu, viti vyangu, spika zangu, vyote bure, maana mimi ni mkwe na hii ndiyo kazi yangu. Nakumbuka misa. Nakumbuka padri akinyunyiza maji kaburini. Nakumbuka chupa ya soda niliyoificha nyuma ya jenereta, na ndani haikuwa soda. Baada ya hapo hakuna kitu. Giza tu.

Mchana Wangila amekuja na pikapu kurudisha viti. Tumefunga hema pamoja miaka mingi, lakini leo hakuniangalia usoni. Nikamwuliza nilifanya nini. Wacha tu, bosi. Nikamng'ang'ania. Ndipo akasema, huku anahesabu vigingi ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa: ulimkumbatia mama mkwe.

Mbele ya watu wote. Mbele ya padri.

Mimi! Mkwe hamgusi mama mkwe. Humpi mkono, hukai naye chumba kimoja, huli mbele yake, humtaji jina. Ukimwona njiani unaingia kwenye miwa mpaka apite. Tangu nimwoe Emily, huyo mama nimemjua mgongo kuliko uso. Watu wamefukuzwa ukweni kwa kidogo kuliko hicho.

Wangila anasema nilitoka kwa jenereta nikikimbia, hawakujua nakimbilia nini, mara wakaona tumeshikana, akina mama wakapiga kelele, wazee wakanivuta. Nilikuwa nanuka, anasema. Hilo la kunuka alilisema taratibu, kwa huruma, na ndilo lililoniuma zaidi.



Jumanne, 11 Februari

Mzee Makhanu amepiga simu. Ni baba mdogo wa Emily, ndiye msemaji wa ule ukoo sasa. Hakusalimia. Amesema: "Mkwe, utareta kondoo. Harafu tuone." Nikasema ndiyo mzee. Akakata.

Emily hashiki simu. Nimemtumia meseji ndefu, nikafuta, nikatuma fupi: nisamehe. Hajajibu.

Nimemwaga chupa iliyokuwa chini ya maturubai stoo. Nimemwaga na harufu imebaki, nikafunga mlango, nikaenda kusimama barabarani kama mtu anayengoja gari.

Alhamisi, 13 Februari

Emily amejibu. Si kwa meseji, amepiga. Sauti yake imechoka. Baba Cindy, kondoo ni ya wazee. Mimi sitaki kondoo. Mimi nataka uache. Nikasema nitaacha. Akasema umeacha kila Kwaresima tangu tuoane, na kila Pasaka unaanza tena kama mtu aliyetoka likizo.

Kweli.

Nimeingia kwenye simu kutafuta mahali watu wa namna yangu wanasaidiwa. Zimekuja picha za nyumba nzuri Nairobi zenye bustani. Nikaandika tena, nikaongeza Kakamega. Ikaniletea matangazo ya baa.

Jioni nikaenda duka la dawa karibu na soko. Nikanunua dawa ya kichwa kwanza. Nikanunua na plasta. Nikamwambia yule dada nina rafiki yangu ana shida ya kunywa, kuna kikundi hapa mjini? Akaniangalia vizuri. Akaandika namba nyuma ya pakiti ya plasta, akasema, mwambie rafiki yako aulize Nehemiah, na wewe pole kwa kichwa.

Nimetoka nikitembea haraka. Masikio yanawaka mpaka sasa.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeenda. Nimeaibika. Nimerudi.

Nehemiah alinieleza kwa simu: kila Jumamosi asubuhi, nyuma ya kanisa, chumba wanachofundishia kushona. Hakuniuliza jina. Nilinyoa, nikavaa shati la maana, nikafika. Mlango wazi, naona mashine za kushona zimesukumwa ukutani, watu wamekaa duara. Nilikuwa nimeinua mguu niingie. Mama mmoja akatoka na birika la chai, akaniona, akacheka: "Si huyu ni wa hema? Nani amekufa tena?"

Mimi wananijua kwa matanga. Nikitokea boma la mtu na shati safi, watu wanahesabu wagonjwa wao.

Na mimi, badala ya kusema nimekuja kwa ajili yangu, nikasema nimekuja kuangalia uwanja, kuna shughuli inakuja. Nikaanza kupima kwa hatua! Toka mwembeni mpaka kwenye bomba, toka bomba mpaka ukutani. Nikakunja uso kama fundi. Nikasema hema mbili zitatosha. Akasema Mungu akubariki. Nikaondoka.

Uwanja umepimwa vizuri. Mimi bado ni mlevi.

Jumatano, 19 Februari

Kazi Musanda, matanga ya mzee aliyekuwa mkulima wa miwa. Tumefunga hema mapema, Wangila na mimi. Wenye boma ni watu wakarimu. Walituletea obusuma na ingokho, ugali na kuku, na baadaye kijibuyu cha pombe. Wangila akakisukuma upande mwingine. Nikakifuata.

Nimekunywa. Nimeandika ili nisije nikajidanganya. Mchana, chini ya hema yangu mwenyewe, nikiwa namtazama mjane wa watu analia.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeingia.

Sikupima chochote. Nilifika mapema, nikakaa kiti cha karibu na mlango, macho chini. Na pale chini, kwenye mguu wa kiti, nikaona herufi za jina langu kwa rangi ya buluu: C.A. Kiti changu! Na cha jirani pia. Viti nilivyosahau kwenye matanga fulani, siku fulani, katika hali fulani. Nimevitafuta hivyo viti na kuwalaani watu wengi. Kumbe vilitangulia kuja hapa, vikakaa kunisubiri.

Nehemiah ni mzee mwembamba, aliendesha trekta la miwa mpaka akastaafu. Akaeleza sheria. Jina moja tu. Hapa haulizwi ukoo. Akasema hiyo ndiyo iliyowasumbua mwanzoni, maana mtu akikaa tu anaulizwa, wewe ni wa kwa nani? Mkiambiana hivyo, nusu saa mmeshakuwa ndugu, na ndugu hawaambiani ukweli. Watu wakacheka. Sheria ya pili: linalosemwa hapa linabaki hapa. Halitoki hata kwa mke, hata kwa padri, hata kwa wema.

Kila mtu anasema jina, anasema lake, na akimaliza, wote wanajibu: asante, na jina lake. Basi. Hakuna kuhubiri.

Yule mama wa birika anaitwa Jelagat, ametoka Lugari. Aliponitambua akafunga mdomo kwa kiganja. Halafu akaniwekea sukari nyingi, bila kuuliza.

Zamu yangu nilisema: naitwa Clifford. Nikakwama hapo. Wakajibu hata hivyo. Asante, Clifford. Nimekaa nikilia kwenye kiti changu mwenyewe. Hakuna aliyenitazama, na kutotazamwa kule kulinifaa sana.

Jumatatu, 24 Februari

Wangila amepeleka kondoo Lubao. Mimi siruhusiwi kufika mpaka wazee wamalize mambo yao. Amerudi akasema wamempokea vizuri, mama mkwe alitoka nje akasimama, wazee wakasema maneno yao, akarudi ndani. Hakusema neno.

Nimempigia Emily, nikamwambia nimepata kikundi. Akasema: kikundi gani, kinaitwa nani, nani mwingine anakuonanga huko? Nikasema siwezi kutaja watu. Akacheka, kicheko kibaya. Baba Cindy, hata ulipokuwa unaenda kwa baa ulikuwa unaniambia ni kikao cha ushirika.

Halafu akasema hili, na naliandika kama alivyolisema. Niletee mtu mmoja ninayemwamini, aniambie kwa mdomo wake kwamba amekuona huko na umekaa. Mmoja tu. Hapo nitarudi. Kama hayuko, Cindy ataanza shule ya huku baada ya likizo.

Nimepita watu wote kichwani. Wale Emily anaowaamini hawanywi, kwa hiyo hawawezi kunikuta pale. Wale wanaoweza kunikuta pale, Emily hawaamini. Nimebaki hapo.

Jumamosi, 1 Machi

Sijui niandikeje.

Nilichelewa kidogo, kulikuwa na turubai la kuanika. Walikuwa wameshaanza. Nikaingia kwa kunyata. Mtu alikuwa amekaa na mgongo kwangu, kitambaa cha kichwa cha kijani chenye majani meupe, mabega mapana. Huo mgongo. Nimekwisha sema, naujua kuliko uso.

Mama yake Emily.

Mwenyekiti wa akina mama kanisani. Anayesimama mbele na sare. Mama ambaye ikisemwa kwake kuna chai, hata Wakristo wa kanisa lingine wanakuja. Kwenye duara, mkononi kikombe cha Jelagat, na Jelagat anasema kwa furaha, mama yetu amerudi, tulikukosa.

Akageuka. Tukaonana. Mara ya kwanza maishani uso kwa uso, nikiwa na akili zangu. Akavuta leso akajifunika. Mimi nikarudi nyuma, nikagonga mashine ya kushona, ikaanguka kwa kishindo. Sikuiinua. Nilikimbia mpaka nyuma ya vyoo vya kanisa na nikasimama huko. Uso wangu ulikuwa moto. Namuaibisha huyu mama hata nikiwa sijanywa.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda misa. Ningemwonaje?

Nimewaza kutwa. Yule mtu mmoja ambaye Emily angemwamini bila swali, amenikuta pale. Na hawezi kusema bila kusema na yeye alifuata nini pale. Wala mimi siwezi.

Na zaidi ya hayo: kikundi ni kimoja. Nehemiah anajua kingine, lakini ni Eldoret. Mmoja wetu lazima aache. Na anayepaswa kuacha ni mimi, maana yeye alitangulia, na ni mama, na nimeshamkosea. Nimeandika meseji ya kumuaga Nehemiah. Nimeiacha bila kutuma, halafu nikakaa karibu sana na ile stoo.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa asubuhi sana, misa ya kwanza, kona ya nyuma.

Nehemiah amekuja kwenye karakana yangu. Alijifanya anauliza bei ya hema, mpaka Wangila alipoondoka. Akasema: yule mama amenituma. Anasema wewe ubaki, yeye ataacha kuja. Nikasema mwambie abaki yeye, mimi ndiye nitaacha. Mzee akavua kofia akajikuna. Akasema, naona mnapendana sana, na mkiendelea kupendana hivyo tutawazika wote wawili, na hema itakuwa ya nani?

Nikacheka. Sijacheka siku nyingi.

Halafu akasema yule mama ana neno lingine. Amesema: mkumbushe ukuta wa jikoni.

Nikakumbuka. Nilipokuwa mkwe mpya, nilipoenda kwao, yeye alikuwa anakaa jikoni na mimi nasimama nje, ukuta wa udongo katikati, kila mtu ameangalia kwake. Ndivyo inavyofanywa kama kuna lazima ya kusema. Ananiuliza umeshiba? Nasema nimeshiba mama. Naye anaita, aongezewe kuku! Sauti yake nilikuwa naipenda.

Kwa hiyo tutafanya vivyo hivyo kikundini: yeye ndani, mimi verandani, chini ya dirisha. Nehemiah anasema kikundi kimekubali, ingawa Jelagat ameuliza chai yangu itapitia wapi.

Jioni Emily amepiga. Mama hali vizuri tangu ile siku, anasema. Anakaa tu. Umemuumiza mama yangu, Baba Cindy. Nikasema najua. Nilitaka kusema zaidi. Nikang'ata ulimi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa hapa hapa, verandani, wamesimama kunywa chai.

Nilikuta kiti kimewekwa chini ya dirisha. C.A. Nikakaa. Nikawasikia wakiingia, nikasikia hatua zake. Nehemiah akasema ndugu yetu mmoja yuko nje, tumkaribishe. Karibu, Clifford. Sauti moja haikuwemo, na ndivyo ilivyo sawa.

Halafu akaanza yeye.

Alisema jina lake. Sijawahi kulisikia likitoka kwake, na mimi mwenyewe sijawahi kulitia mdomoni wala kwenye hiki kitabu. Alisema: "Naitwa Awinja. Na mimi nakunywanga. Nilianza mzee wangu alipolala, tukamzika. Naweka kwa chupa ya chai. Watu wanasema mama anapenda chai."

Nikasikia kuku wa padri wanaparua nyuma yangu.

"Siku ya kumbukumbu nilikunywa tangu asubuhi. Na sare juu. Nikasimama kwa kaburi nishukuru wageni, na dunia ikageuka. Nilikuwa naanguka. Nilikuwa naingia kwa saruji na kichwa. Kuna mtu alikimbia, akanishika. Sijui aliniona namna gani kutoka kule mbali. Watu wakapiga kelele. Nikajua nikifungua mdomo watanusa ni mimi. Basi nikafunga. Nikawacha waseme ni yeye."

Kalamu imechora mstari hapo, nisamehe, karatasi.

"Hiyo kondoo yake ilipokuja nilisimama mbele ya wazee kama mtu aliyekosewa. Bibi yake, mtoto wangu, yuko kwangu. Kila asubuhi ananipikia uji, ananiambia pole mama. Na mimi nakunywa huo uji."

Wakasema, asante, Awinja. Wote. Mimi peke yangu sikuisema.

Kwanza nilipandwa na hasira. Nisiseme uongo hapa. Nilitaka kuingia na kiti. Kondoo yangu! Watoto wangu! Nikashika simu, nikatafuta jina la Emily, kidole kikawa juu yake. Ulitaka mtu mmoja unayemwamini akuambie kwa mdomo wake. Amesema, Mama Cindy, nimemsikia mwenyewe.

Halafu ikanijia ile chupa ya soda. Nilikimbia, sawa, nilimshika, sawa. Lakini ningekuwa mzima ningemwita Emily, ningeita akina mama, ningesimama na kusema anaanguka. Ningekumbuka! Jambo jema pekee nililofanya mwaka huu wote, na sikuwepo. Ndiyo maana waliposema ni mimi, mimi mwenyewe niliamini. Niliamini bila kuuliza. Aibu hiyo ni yangu, na Awinja hana lake ndani yake.

Nimeandika jina lake. Nimeliandika tu, limepita.

Linalosemwa hapa linabaki hapa. Hata kwa wema. Sasa naelewa kwa nini mzee aliliongeza hilo.

Jelagat amenipitishia kikombe dirishani. Ndani wote wanakunywa, nasikia. Lakini kuna mmoja hanywi. Nimegundua kwa nini: kiti changu kimekaa upande, akigeuka kidogo ananiona, na nikigeuka kidogo namwona, na hatuwezi kunywa tukionana. Chai yake inapoa. Nimesimama, nimekigeuza kiti. Nimekaa nimeangalia ukuta wa pembeni wa veranda, mgongo kwa dirisha; uko wazi mbele yangu, kuna mjusi.

Simu imetetemeka. Emily. Mama amekuja huko mjini, mkutano wa kanisa. Ukimwona njiani mpishe tafadhali, umeshamtesa ya kutosha.

Nimeandika: mama yako. Nimefuta. Nimeandika: Emily, siku ile. Nimefuta. Nimeandika: sawa, nitampisha. Nimetuma, na macho yamejaa.

Nehemiah amepiga makofi, chai imekwisha. Anasema kwa sauti, kupitia dirishani, kwamba Clifford wiki ile alitaja jina akakwama, leo labda ana la kuongeza, na kama hana si neno. Viti vinavutwa. Wananingoja.

Nina la kusema, lakini kuna la kwanza. Nina deni la asante moja, na ina jina ndani yake. Nimelifanyia mazoezi kwa midomo, bila sauti, nikimwangalia mjusi.

Nyuma yangu, karibu kabisa na dirisha, kikombe kimewekwa chini. Kimelia kitupu. Amekunywa, nami nipo hapa.

Nehemiah ameita tena. Naweka kalamu.